Uchague jimbo lipi? Majimbo huru ya Marekani na mgawanyiko wao juu ya utumwa

Mwaka 1860 Marekani ilikuwa na majimbo huru 18, yaani yaliyokataza utumwa, ambayo kwa jumla huitwa Kaskazini. Anayeandika insha au kuandaa somo juu ya misimamo ya watu wa huko kuhusu utumwa hawezi kuyabeba yote. Akiandika kwamba Kaskazini ilipinga utumwa, mtahini atamuuliza mbona watumwa watoro walikuwa wakikamatwa Boston na kurudishwa Virginia. Akiandika kwamba Kaskazini nayo ilikuwa na ubaguzi, hajakosea, lakini hajaeleza ni nani aliyembagua nani, wapi, na kwa sheria ipi. Dawa ni kuchukua jimbo moja, au mawili, na kulichimba. Hapa tunalinganisha matano: Massachusetts, New York, Ohio, Illinois na Oregon.

Kabla ya kuchagua, ligawe swali. Utumwa haukuwa jambo moja la kukubali au kukataa. Yalikuwepo maswali manne, na kila moja lilikuwa na majibu yake. Je, mtu aruhusiwe kumiliki mtumwa hapa kwetu? Je, mtoro akionekana hapa, arudishwe kwa bwana wake? Je, mtu mweusi aliye huru aishi hapa, atoe ushahidi mahakamani, apige kura? Na je, tuendelee kufanya biashara na wenye mashamba ya pamba? Wengi walijibu "hapana" kwa swali la kwanza bila kusita, wakajibu "ndiyo" kwa la nne bila kusita vilevile. Katikati ndiko walikogombana.

Makosa mengi tunayoyaona kwenye insha yanatokana na kuchanganya swali la kwanza na la tatu. Mwandishi akiona jimbo limekataza utumwa, anadhani wenyeji waliwapenda weusi. Tazama kura zenyewe:

| Jimbo na mwaka | Swali lililopigiwa kura | Ndiyo | Hapana |
|---|---|---|---|
| Illinois 1824 | Uitishwe mkutano wa katiba, lengo likiwa kuhalalisha utumwa | 4,972 | 6,640 |
| Illinois 1848 | Weusi huru wazuiwe kuhamia | 50,261 | 21,297 |
| Oregon 1857 | Utumwa uruhusiwe | 2,645 | 7,727 |
| Oregon 1857 | Weusi huru waruhusiwe kuishi | 1,081 | 8,640 |
| New York 1860 | Weusi wapige kura bila sharti la mali | karibu 197,000 | karibu 338,000 |
| Ohio 1867 | Weusi wapige kura | karibu 217,000 | karibu 255,000 |

Massachusetts haimo kwenye jedwali kwa sababu haikuwa na haja ya kura hiyo: katiba yake ya 1780 haikumwekea mpiga kura sharti la rangi. Kumbuka pia kwamba waliohesabiwa hapo juu ni wanaume tu, na kwa sehemu kubwa kabisa ni wazungu. Hakuna mwanamke hata mmoja, ingawa wanawake ndio waliozunguka nyumba kwa nyumba kukusanya saini za maombi dhidi ya utumwa yaliyopelekwa Bungeni Washington. Maombi hayo yalikuwa mengi kiasi kwamba Baraza la Wawakilishi lilipitisha kanuni ya kuyaweka kando bila kuyajadili, kuanzia 1836 hadi 1844. Ukitumia kura peke yake, unapoteza sauti hizo. Ukitumia maombi peke yake, utadhani wapinga utumwa walikuwa wengi kuliko walivyokuwa.

Oregon: kwa somo la kipindi kimoja

Ukiwa na dakika 40 tu darasani, chukua Oregon. Novemba 9, 1857, wapiga kura walewale, siku ileile, waliulizwa mambo mawili juu ya utumwa na weusi, pamoja na kuikubali katiba mpya. Walikataa utumwa kwa karibu robo tatu ya kura, kisha wakakataa weusi huru kwa kura nyingi zaidi ya hizo. Oregon ikaingia kwenye Muungano Februari 14, 1859 ikiwa jimbo huru lenye kifungu cha katiba kinachomzuia mtu mweusi kuhamia humo. Sensa ya 1860 ilikuta weusi 128 kati ya watu zaidi ya 52,000. Kifungu kile hakikuondolewa kwenye katiba hadi 1926.

Uzuri wake ni kwamba mwanafunzi anaona kwa macho yake kuwa kuna waliokataa utumwa ili wasimwone mtumwa wala mwachwa huru. Walowezi wengi walitoka Missouri na mabonde ya mto Ohio. Walimwogopa tajiri mwenye watumwa, ambaye angechukua ardhi nzuri na kushusha ujira, na wakamwogopa pia mfanyakazi mweusi mwenyewe. Udhaifu wake ni kwamba habari inaishia hapo. Jimbo lilikuwa changa na mbali, halikuwa na kesi kubwa za watoro, halikuwa na viwanda vya pamba. Kwa insha ya kurasa kumi halitoshi.

Massachusetts: linalovutia kuliko yote, na linalopotosha kirahisi

Watu wengi huchagua Massachusetts kwa sababu vitabu vimejaa habari zake. Utumwa ulikufa humo mahakamani, si bungeni. Mwaka 1781 mwanamke aliyeitwa Bett, baadaye Elizabeth Freeman, alishinda kesi ya kudai uhuru wake. Kesi za Quock Walker zilizofuata hadi 1783 zilimfanya Jaji Mkuu William Cushing aseme wazi kwamba utumwa hauwezi kukaa pamoja na katiba iliyotangaza watu wote wamezaliwa huru. Januari 1, 1831, William Lloyd Garrison alianza kuchapa The Liberator, gazeti la kupinga utumwa, mjini Boston.

Hapa ndipo msomaji anapotekwa. Oktoba 21, 1835, Garrison huyohuyo alifungwa kamba na kuburutwa katika mitaa ya Boston na kundi la watu waliovaa makoti mazuri: wafanyabiashara, mawakala, watu wenye mali na majina. Meya alilazimika kumlaza jela ili asiuawe. Sababu haiko mbali. Viwanda vya nguo vya Lowell vilisokota pamba iliyolimwa na watumwa, na mwenye kiwanda hakutaka kumuudhi anayemletea pamba.

Nasi wa pwani tunaingia papo hapo. Wafanyabiashara wa Salem, bandari iliyo kaskazini ya Boston, walikuwa wakileta Unguja shehena za merikani, kitambaa cha pamba kisichopakwa rangi, na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Mkataba kati ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini 1833, na balozi mdogo wa kwanza aliyekaa Unguja tangu 1837, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem. Waters binafsi alichukia utumwa. Hata hivyo alifanya biashara katika mji ambao pembe zilifika pwani mabegani mwa wapagazi, wengine wao watumwa, na karafuu zilichumwa na watumwa, akiuza kitambaa ambacho pamba yake nayo ilitoka kwa watumwa wa ng'ambo ya pili. Kwa mwanafunzi wa Zanzibar, Mombasa au Bagamoyo, huu ndio mlango bora wa kuingilia mada, na ni sababu ya kutosha ya kulichagua jimbo hili.

Sababu nyingine ni kwamba Massachusetts inaonyesha mabadiliko kwa tarehe. Mwaka 1842 mtoro George Latimer alikamatwa Boston. Zaidi ya watu 60,000 walitia saini ombi, na 1843 bunge la jimbo likawakataza maafisa wake kushiriki kukamata watoro. Halafu ikaja Sheria ya Watumwa Watoro ya 1850, ya taifa zima. Sheria hiyo ilimlipa kamishna dola 10 akimrudisha mtu utumwani na dola 5 akimwachia, na aliyemficha mtoro aliweza kutozwa faini hadi dola 1,000 na kufungwa miezi sita. Februari 1851 weusi wa Boston walivamia chumba cha mahakama na kumtoa Shadrach Minkins, akafika Canada. Aprili mwaka huohuo Thomas Sims alirudishwa Georgia.

Kesi ya kuichunguza kwa karibu ni ya Anthony Burns, Mei na Juni 1854. Alikamatwa Mei 24. Siku mbili baadaye weusi na wazungu walijaribu kuvunja mlango wa mahakama, mlinzi mmoja akauawa. Juni 2 alipelekwa bandarini katikati ya askari wenye bunduki na mizinga, huku watu wapatao 50,000 wakijaa njiani. Madirisha ya maduka na ofisi yalifunikwa vitambaa vyeusi, bendera zikapinduliwa kichwa chini, na jeneza lenye neno "Uhuru" likaning'inizwa juu ya State Street, mtaa wa mabenki. Mtaa uleule, tabaka lilelile lililomburuta Garrison miaka 19 kabla. Amos A. Lawrence, tajiri wa nguo, aliandika kwamba yeye na wenzake walilala wakiwa watu wa kutafuta suluhu wakaamka wakiwa wapinga utumwa kama wenye wazimu. Baada ya Burns hakuna mtoro mwingine aliyerudishwa kutoka Massachusetts.

Kosa la kawaida ni kuisoma hadithi hii kama ngazi inayopanda tu. Sheria iliyozuia weusi na wazungu kuoana ilifutwa 1843, lakini shule za Boston ziliendelea kutenganisha watoto. Mwaka 1850 mahakama kuu ya jimbo iliwaunga mkono viongozi wa shule dhidi ya mtoto Sarah Roberts, na utengano ukafutwa na bunge 1855. Kosa la pili ni kubwa zaidi: kuichukua Massachusetts kama mfano wa Kaskazini yote. Mwaka 1860 majimbo yaliyompa mwanamume mweusi kura sawa na mzungu yalikuwa matano tu, yote ya New England, eneo la kaskazini mashariki ilimo Massachusetts. Ukiliandika jimbo hili peke yake, sema wazi kwamba unaandika juu ya ukingo.

New York: kwa insha ndefu, hili ndilo chaguo letu

New York ina kila kitu ndani yake: jiji la biashara linaloishi kwa pamba, na juu yake nchi ya mashamba, mifereji na makanisa yenye joto la uamsho, ambako wapinga utumwa walikuwa na nguvu. Ina pia jambo ambalo majimbo mengine hayakupi, yaani swali moja lililoulizwa mara tatu.

Anza na sheria. Sheria ya 1799 haikumwacha huru mtumwa yeyote aliye hai. Ilisema mtoto atakayezaliwa na mama mtumwa baada ya Julai 4, 1799 ni huru, ila amtumikie bwana wa mama yake hadi miaka 28 akiwa wa kiume, 25 akiwa wa kike. Sheria ya 1817 ikapanga waliobaki waachwe Julai 4, 1827. Tena, hadi 1841 bwana mgeni kutoka Kusini aliruhusiwa kukaa New York na watumwa wake kwa miezi tisa. Anayeandika kwamba utumwa uliisha New York 1799 amekosa miaka 28, na kwa wageni amekosa zaidi ya 40.

Sasa kura. Katiba ya 1821 iliwaondolea wazungu karibu masharti yote ya mali, lakini ikamtaka mweusi awe na mali ya dola 250 ndipo apige kura. Wananchi waliulizwa kama sharti hilo liondolewe mwaka 1846, 1860 na 1869. Waliokubali walikuwa takriban asilimia 28, kisha 37, kisha 47. Mara zote tatu pendekezo lilianguka. Unapata mstari unaopanda polepole bila kufika, na hicho ndicho kitu kigumu kukipata katika historia ya mawazo ya watu.

Kura ya 1860 ichambue taratibu. Siku hiyohiyo Abraham Lincoln, mgombea urais wa chama cha Republican, alishinda New York kwa kura zaidi ya 362,000. Pendekezo la haki ya kura lilipata kama 197,000. Maana yake, hata tukidhani kila aliyesema "ndiyo" alikuwa mtu wa Lincoln, bado kuna wafuasi wake wasiopungua 165,000 ambao hawakuliunga mkono. Wengine walipinga, wengine hawakupiga kura hiyo kabisa, maana jumla ya kura za pendekezo ni pungufu ya kura za urais kwa zaidi ya 130,000. Enzi zile chama ndicho kilichochapa na kugawa karatasi za kura, na chama cha Republican hakikuipigia debe hoja hiyo, kwa kuogopa kupoteza watu. Usikimbilie kuuita ukimya huo chuki, wala usiuite urafiki.

Kwa mfano wa karibu, tumia kesi ya Lemmon. Novemba 1852 mume na mke wa jina hilo kutoka Virginia walishuka New York wakiwa na watumwa wanane, wakingoja meli ya kuelekea Texas. Mtu mweusi wa jijini, Louis Napoleon, aliomba amri ya mahakama ili wafikishwe mbele ya jaji. Jaji Elijah Paine aliamua kwamba, kwa kuwa sheria ya jimbo haiutambui utumwa, wanane hao ni huru. Wafanyabiashara wa jiji wakachangishana dola 5,000 na zaidi, wakawapa fidia wenye watumwa. Uamuzi wa jaji na mchango wa wafanyabiashara vilitoka jiji moja, mwezi mmoja. Virginia ilikata rufaa, na 1860 mahakama ya juu ya New York ikaushikilia uamuzi wa Paine kwa majaji watano dhidi ya watatu.

Ongeza Syracuse, Oktoba 1, 1851, ambako umati ulivunja kituo cha polisi na kumtoa mtoro aliyejulikana kama Jerry. Kisha rudi jijini: meya Fernando Wood alipendekeza Januari 1861 jiji lijitenge liwe huru ili biashara ya pamba isiguswe, na Julai 13 hadi 16, 1863 ghasia za kupinga kuandikishwa jeshini ziliua watu zaidi ya 100, weusi wakanyongwa barabarani, na nyumba ya mayatima weusi ikachomwa. Ukiandika ghasia hizo, eleza chanzo: aliyeweza kulipa dola 300 aliepuka kuandikishwa, na maskini, wengi wao Waayalandi, waliona wanapelekwa kufa kwa ajili ya watu watakaokuja kugombea nao kazi za bandarini.

Hasara ya New York ni wingi. Usipojiwekea mipaka utazama. Shika kura tatu na kesi ya Lemmon, mengine yawe mapambo.

Ohio na Illinois: kwa anayependa ramani

Majimbo haya mawili yanashindana kwa jambo moja: yalikaliwa kutoka pande mbili. Kusini waliingia watu wa Virginia na Kentucky, kaskazini wakaja wa New England na New York. Chora mstari, utaona misimamo ikibadilika wilaya kwa wilaya.

Ohio ina upana zaidi. Sheria yake ya 1807 ilimtaka mweusi anayehamia alete dhamana ya dola 500 ndani ya siku 20, na ilimzuia kutoa ushahidi katika kesi ya mzungu. Sehemu kubwa ya sheria hizo ilifutwa 1849, kwa biashara ya kisiasa iliyompeleka pia Salmon P. Chase, mwanasiasa mpinga utumwa, kwenye Seneti. Cincinnati, ng'ambo tu ya Kentucky, ilishuhudia ghasia dhidi ya weusi na wapinga utumwa mwaka 1829, 1836 na 1841. Kaskazini mashariki, chuo cha Oberlin kilianza kupokea weusi 1835. Septemba 1858 watu wa Oberlin walikwenda Wellington wakamtoa mtoro John Price hotelini mikononi mwa waliomkamata. Walishtakiwa 37, wakahukumiwa wawili, Simeon Bushnell siku 60 na Charles Langston siku 20. Mahakama ya juu ya Ohio ilikataa kuwaachia kwa kura tatu dhidi ya mbili, na Jaji Mkuu Joseph Swan, aliyekuwa upande wa hao watatu, chama chake hakikumteua tena.

Illinois ni nyembamba kimada lakini ina Lincoln, na kwa wasomaji wengi hilo linaamua. Jimbo ni refu: mji wa Cairo, kwenye ncha, uko kusini zaidi ya Richmond, Virginia. Elijah Lovejoy, mhariri mpinga utumwa, aliuawa Alton Novemba 7, 1837 akilinda mtambo wake wa kuchapa, na hakuna aliyehukumiwa. Sheria ya 1853 ilimtoza faini ya dola 50 mweusi aliyekaa zaidi ya siku 10, na asipolipa, kazi yake iliuzwa kwa mnada. Mwaka 1858 Lincoln na Stephen Douglas, wakishindania kiti cha Seneti, walijadiliana katika miji saba, kutoka Freeport kaskazini hadi Jonesboro kusini. Huko Charleston, Septemba 18, Lincoln alisema hataki usawa wa kisiasa na kijamii kati ya weusi na wazungu. Douglas alimsuta kwamba kanuni zake hubadilika rangi kadiri anavyoteremka kusini. Ukinukuu hotuba yoyote ya mdahalo ule, taja mji. Nukuu bila mji haifai kitu, kwa sababu wasikilizaji ndio nusu ya ushahidi.

Sheria za Weusi za Illinois, yaani sheria za kibaguzi kama ile ya 1853, zilifutwa Februari 1865, baada ya kampeni iliyoongozwa na John Jones, fundi cherehani mweusi wa Chicago. Siku chache kabla, Februari 1, Illinois ilikuwa imeshakuwa jimbo la kwanza kuridhia marekebisho ya 13 ya katiba, yaliyokomesha utumwa nchi nzima. Kati ya haya mawili, chagua Ohio kama unataka kueleza jamii, Illinois kama unataka kueleza siasa za uchaguzi.

Ukiweza kuchukua mawili, unganisha New York na Oregon kwa ajili ya takwimu, au Massachusetts na Illinois kwa ajili ya tofauti. Massachusetts na New York pamoja zinafanana mno upande wa biashara, na Ohio na Illinois zinarudia jambo lilelile la mto na wahamiaji.

New Jersey tumeiacha makusudi, ingawa wapo wanaoipenda. Ilipitisha sheria ya kukomesha utumwa polepole mwaka 1804, lakini sensa ya 1860 bado ilikuta humo watu 18 wakihesabiwa watumwa, na 1865 bunge lake likayakataa marekebisho ya 13 kabla ya kuyaridhia mwaka uliofuata. Ni jimbo la kuvutia kwa mtaalamu wa sheria. Kwa mwanafunzi anayeanza, atatumia kurasa tatu za mwanzo kueleza kwa nini liliitwa huru.